Anza na Ngozi, Jaketi Litafuata

Hotuba kwa wazazi wazungumzao Kiswahili, Bern, Uswisi, kabla ya msimu wa theluji

Wazee wangu, shikamooni. Wazazi wenzangu na vijana, habari za jioni. Asanteni kwa kuja, na mvua yote hii.

Nimeombwa nizungumzie mavazi ya watoto wanaokwenda kambi ya ski, yaani ya kuteleza kwenye theluji, ile wanayoiita skilager, pamoja na yetu sisi tutakaopanda nao milimani likizo ya Februari. Kazi yangu ni kwenye duka linalokodisha vifaa vya ski. Napima miguu, nafunga buti, navalisha helmeti. Kila msimu familia zetu huja pale, na mara nyingi namwona mtoto amevikwa jaketi nene la bei kubwa. Nikifungua zipu nakuta fulana ya pamba. Chini ya suruali ya theluji nakuta jinzi. Miguuni soksi mbili mbili. Fedha yote imeishia nje. Mtoto huyo saa tano asubuhi atakuwa analia, na nyumbani litalaumiwa jaketi.

Ombi langu kwenu ni moja: mnaponunua nguo za ski, anzeni na kile kinachogusa ngozi, kisha mwende mkitoka nje. Jaketi liwe la mwisho kufikiriwa. Nitaeleza sababu, maana mwenye kuijua sababu hatahitaji orodha yangu. Ataingia duka lolote na kuchagua mwenyewe.

Nguo haina joto lake. Joto ni la mwili, na kazi ya nguo ni kuizuia hewa iliyopashwa na mwili isiondoke. Hewa iliyotulia hulinda joto vizuri sana. Maji hufanya kinyume: hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ndiyo maana mtu aliyelowa ndani ya jaketi ghali anaweza kutetemeka, na jirani yake mwenye jaketi la kawaida lakini mkavu akawa anacheka.

Kwenye ski mtu hulowa kutoka pande mbili. Theluji inamlowesha kutoka nje, hilo kila mtu analijua. Jasho linamlowesha kutoka ndani, na hili wengi hawalitarajii. Anayejifunza anafanya kazi ngumu: anaanguka, anajiinua, anapanda kijilima kwa hatua za ubavu, anaanguka tena. Anatoka jasho hata kama nje ni nyuzi 8 chini ya sifuri. Halafu anakwea lifti ya viti. Hapo anaketi hewani dakika kadhaa bila kutikisa mguu, upepo unampiga, na jasho lote linampoea mgongoni. Akifika juu anateremka, mwili unapata moto tena, anarudi kwenye lifti. Siku nzima ni hivyo. Nguo tunayotafuta ni ile inayoweza kuhimili kupata moto na kupoa mara nyingi kwa siku bila kubaki majimaji.

Hapo ndipo pamba inapotuangusha. Sisi tumelelewa na pamba. Tangu kuzaliwa tumefunikwa khanga, na fulana na mashati yetu mengi ni pamba, na kwa pwani yetu hakuna kitambaa kilicho bora. Pamba inafyonza jasho, inalishika, linakauka taratibu na kutupoza. Raha hiyo ya Tanga na Mombasa ndiyo madhara yake ukiwa mita 2,000 juu ya bahari. Inaendelea kukupoza wakati hutaki kupozwa. Kwa hiyo fulana ya pamba ibaki nyumbani, na jinzi pia, na soksi za pamba. Kina mama na mabinti, sidiria nayo ni nguo; ikiwa ya pamba itashika maji kifuani siku nzima. Chukueni ya mazoezi, ya poliesta.

Badala ya pamba chagua moja kati ya mbili: sufu nyembamba ya kondoo wa merino, au poliesta ya michezo. Sufu inaweza kumeza mvuke wa jasho hadi karibu theluthi ya uzito wake na bado ukaihisi kavu mwilini, tena hainuki upesi, jambo la maana kwa mtoto anayelala kambini siku tano na nguo mbili za kubadilisha. Poliesta ni rahisi zaidi, inakauka haraka sana, lakini jioni itanuka, kwa hiyo mpe tatu. Iwe ya kubana kiasi, kwa sababu nguo inayopwaya haigusi jasho ili iliondoe. Suruali ya ndani iishie juu ya buti, katikati ya ugoko. Hili nitalirudia tukifika kwenye miguu.

Nguo ya kati sina mengi ya kusema. Flisi nyepesi, kile kitambaa laini chenye manyoya manyoya, yenye zipu shingoni inatosha. Flisi ile mnayovaa kwenye tramu inafaa kabisa, usinunue nyingine. Sweta la sufu alilofuma bibi nalo linafaa. Ikiwa baridi ni kali ongeza flisi ya pili, nyembamba, usitafute moja nene sana, maana mbili unaweza kuvua moja na kuitia kwenye begi.

Sasa jaketi. Ukilishika dukani, ligeuze ndani nje kabla hujaangalia rangi. Tazama mishono. Jaketi lililotengenezwa kwa theluji lina utepe uliobandikwa juu ya mshono kwa ndani, unaong'aa kidogo, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Majaketi mengine yana utepe mabegani na kwenye kofia tu. Hayo yanafaa siku ya jua, ila siku ya theluji nzito utayajua. Kisha angalia kiunoni kwa ndani: kuna pindo la kitambaa chenye mpira na vifungo. Hilo linazuia theluji isipande mgongoni mtoto akianguka, na ataanguka. Kwapani tafuta zipu ndefu ya kutolea joto. Mkono uwe na kifungo cha kukazia, uweze kupita juu ya glavu au chini yake bila kuacha uwazi wa ngozi. Mwisho soma lebo. Utakuta namba kama 10,000 au 20,000, ni urefu wa safu ya maji, kwa milimita, ambao kitambaa kinauhimili kabla ya kupenyeza. Elfu 10 inatosha watu wengi kwa likizo ya wiki moja. Elfu 20 ni ya wanaoshinda mlimani kwa hali yoyote. Kama namba haipo kabisa, mara nyingi hilo ni jaketi la mjini, hata liwe nene namna gani.

Kuhusu majaketi ya manyoya ya bata: yana joto sana yakiwa makavu, lakini yakilowa manyoya yanashikana na joto linapotea. Kwa anayejifunza, chagua lenye kujazwa nyuzi za kutengenezwa kiwandani, ambazo hata zikilowa zinabaki na joto kiasi.

Na jambo moja ambalo wazazi wengi hulipuuza. Kwa mtoto anayeanza, suruali ina kazi kubwa kuliko jaketi. Anakaa kwenye theluji, anapiga magoti kwenye theluji, anakalia kiti cha lifti kilicholowa. Kati ya hivi viwili, ukiwa na fedha ya kimoja tu kizuri, iweke kwenye suruali. Iwe ya ovaroli, yenye mikanda mabegani na kifua kilichopanda, isishuke akiinama. Nyingi za watoto zina uzi wa rangi tofauti ndani ya pindo la mguu. Mwakani unaukata, mguu unarefuka. Tafuteni uzi huo, utawaokolea msimu mzima.

Sasa nataka niseme jambo kuhusu sisi.

Wapo wanaosema damu yetu haikuumbiwa baridi. Mwaka 1998, Philip Boit wa Kenya, mtu aliyekuwa mkimbiaji, alishiriki Olimpiki ya Nagano katika mbio za ski za kilomita 10. Alimaliza wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei alimngoja kwenye mstari akamkumbatia. Mwaka 2018 Sabrina Simader, binti aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliteremka kwa niaba ya Kenya huko PyeongChang. Washindani wa mbio hizi huvaa nguo nyembamba iliyobana mwili, na hawagandi, kwa sababu mwili unaofanya kazi unajipasha wenyewe. Kifua na mgongo wa mtoto wako haviko dhaifu kuliko vya mwenzake wa mji wa Thun.

Lakini vidole ni habari nyingine, na ningekosa uaminifu kama nisingesema. Tafiti za majeshi ya Uingereza na Marekani zilionyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika hupata madhara ya baridi mikononi na miguuni mara nyingi zaidi kuliko wenzao, hata wakiwa kwenye mazoezi yaleyale. Mishipa ya vidole hujifunga mapema na kuchelewa kufunguka. Hili si la kuona haya wala la kuogopa, ni la kupangia. Mzazi wa Kiswizi akinunua glavu za bei ya kati, wewe panda ngazi moja juu. Punguza kwenye jaketi, ongeza kwenye mikono na miguu.

Mikono kwanza. Zile glavu zinazotenga dole gumba tu na kuviweka vidole vinne chumba kimoja zina joto kuliko zenye vidole vitano, maana vidole vinapashana. Ziwe haziingizi maji, na kwa watoto ziwe na kamba ya mkononi, la sivyo moja itaangukia chini ya lifti siku ya kwanza. Mpe jozi mbili, ile ya asubuhi ikilowa, ya mchana ianze kazi. Ndani yake anaweza kuvaa glavu nyembamba sana za sufu, ila hakikisha bado anaweza kukunja ngumi bila kubanwa.

Miguu sasa, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Soksi ni jozi moja. Moja, nyembamba, ndefu hadi chini ya goti, ya sufu iliyochanganywa na nailoni. Najua moyo wa mama unasema mbili zina joto zaidi. Kwenye viatu vya kawaida pengine. Buti la ski ni ganda gumu la plastiki, halitanuki. Ukiongeza soksi ya pili, nafasi inakwisha, mguu unabanwa, damu haifiki vidoleni, na kidole kisichofikiwa na damu hakipati joto hata ukikivika soksi tano. Nimewahi kumvua mtoto buti analia kwamba kuna baridi ndani. Alikuwa na soksi mbili, mguu wa taiti na pindo la jinzi, vyote vimesokotana juu ya kifundo. Pindo la jinzi lilikuwa limeacha alama ya kina kwenye ugoko. Tulimwachia soksi moja, tukakunja kila kingine juu ya buti, na baada ya robo saa vidole vilikuwa vinacheza. Ndiyo sababu nilisema suruali ya ndani iishie katikati ya ugoko. Ndani ya buti unaingia mguu na soksi, basi.

Buti halinunuliwi kubwa ili avae na mwakani. Tabia hii tumetoka nayo nyumbani na kwa sare za shule ina busara yake, lakini buti la ski likipwaya mguu unateleza ndani na mtoto hawezi kuongoza ski, na hapo ndipo magoti yanapoumia. Buti likodiwe. Linapimwa kwa sentimita za urefu wa mguu, na mpimaji akikuuliza soksi atakayovaa, uwe nayo mkononi.

Mfundisheni mtoto pia kujitazama. Walimu huambiwa watafute sehemu iliyogeuka nyekundu au nyeupe. Kwenye ngozi yetu baridi inayoanza kuumiza haionekani hivyo kila mara. Ngozi inageuka ya kijivujivu, kama imepauka majivu, na inakufa ganzi. Mtoto aseme mapema, "Mwalimu, sihisi kidole." Mwandikieni mwalimu sentensi hiyo kwa Kijerumani kabla ya kambi. Na kidole kilichokufa ganzi hakisuguliwi na theluji, huo ni ushauri wa zamani unaoharibu. Kinapashwa taratibu kwapani mwake mwenyewe au ndani ya nyumba.

Kichwa. Helmeti iwe na alama EN 1077 kwa ndani, na ipimwe na nywele zilivyo siku hiyo ya safari. Akipimwa akiwa amenyoa au kabana nywele, halafu mkaenda kusuka rasta nene wiki ya safari, helmeti haitaingia, au itakaa juu juu isimlinde. Kwa mabinti napendelea mistari myembamba inayokwenda kisogoni na kufungwa chini, karibu na shingo, pasiwe na fundo juu ya kichwa. Kofia ya sufu isivaliwe chini ya helmeti. Ikiwa unataka kulinda nywele zisikauke, kikofia chembamba cha satini kinatosha. Wenye kuvaa hijabu, ile ya michezo, ya kubana, isiyo na pini, inakaa vizuri kabisa chini ya helmeti. Mitandio na skafu ndefu hapana, kwa yeyote. Ncha inayoning'inia inaweza kunaswa na kiti cha lifti kinachoondoka. Shingoni avae ile bomba ya kitambaa inayovutwa hadi puani.

Msinunue helmeti ya mitumba. Vipo vitu nitakavyowashauri mnunue mitumba, helmeti hapana, kwa sababu haiwezi kukuambia kama imewahi kugonga mti.

Macho na ngozi. Kuna dhana kwamba jua la milimani ni shida ya weupe. Mionzi ya jua inaongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, na theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo usoni, kutoka chini, mahali ambapo kofia haizuii. Weusi wa ngozi unasaidia kiasi, lakini macho hayana kinga hiyo. Macho yakiungua yanachomachoma kama yametiwa mchanga, na maumivu yanaanza saa kadhaa baadaye, usiku, wakati mtoto yuko mbali nawe. Miwani ya theluji ina alama S1 hadi S3 kwa matumizi ya kawaida. S1 ni ya ukungu, S3 ni ya jua kali, na kama ni jozi moja tu chukua S2. Usoni paka krimu ya kuzuia jua, na midomoni mafuta yenye kinga hiyohiyo. Mafuta ya mgando yanalinda midomo isipasuke, lakini hayazuii jua.

Niwaambie pia msivishe mtoto kwa kuangalia dirisha la Bern. Sisi tuko kwenye mita 540 hivi. Kleine Scheidegg, kule milimani kwenye ski, iko mita 2,061. Kwa kawaida kila mita 1,000 hupunguza nyuzi zaidi ya sita, kwa hiyo hapa ikiwa nyuzi 2, kule inaweza kuwa 7 au 8 chini ya sifuri. Ongeza upepo anaoutengeneza mwenyewe akiteremka: nyuzi 10 chini ya sifuri kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inaihisi kama 21 chini ya sifuri. Halafu kuna zile siku za Desemba na Januari ambapo sisi huku chini tumefunikwa na ukungu baridi wiki nzima, na juu yake milima inaota jua, wakati mwingine na joto kuliko hapa. Tazameni halijoto ya kituo cha juu asubuhi ile ile. Ndipo muamue flisi moja au mbili.

La mwisho ni fedha, na najua wengi mmelisubiri. Desemba 2017 Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Uswisi iliamua kwamba kambi ambayo ni lazima kwa wanafunzi, shule haiwezi kumtoza mzazi zaidi ya gharama ya chakula, kati ya faranga 10 na 16 kwa siku. Ukiletewa karatasi yenye kiasi kikubwa, uliza kwa adabu kama kambi ni ya lazima. Nguo, hata hivyo, kwa kawaida hubaki juu yetu. Mimi ningefanya hivi: nunua mpya nguo za ndani, soksi na glavu. Kodi buti, ski na helmeti. Jaketi, suruali na flisi nenda kwenye maduka ya mitumba na yale masoko ya vifaa vya ski ya Oktoba na Novemba, watoto wa hapa wanakua haraka na nguo zao zinatoka karibu mpya. Sisi ni watu wa Gikomba na Karume, tunajua kupekua rundo na kutambua mshono mzuri kwa vidole. Leteni ujuzi huo. Ukifika na jaketi nyumbani, lifue bila ile dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu inaziba vitundu vya kitambaa na kuharibu uwezo wake wa kufukuza maji.

Kwenye meza ya nyuma nimeleta majaketi mawili, moja la theluji na moja la mjini. Yageuzeni ndani nje mkaone utepe ninaousema. Kuna buti pia, na soksi safi za kujaribia. Waanze wazazi ambao watoto wao wanaondoka Januari; wa Machi tuna muda, mtakunywa chai kwanza. Asanteni sana.